Ung'eng'e umekwama katikati? Mazoezi ya grama ya juu kwa mtu wa Tanga

Hii naiandika kwa mtu ambaye ung'eng'e tayari anao. Umemaliza fomu foo au fomu siksi, labda na chuo umepita, ukikutana na mgeni kule Raskazone mnaongea na mnaelewana vizuri tu, imeili za kazini unaandika, ila siku ukiitwa intavyu na watu wa bomba la mafuta kule Chongoleani, au bosi akikuambia uandike ripoti ya kurasa tano, basi kila sentensi unaanza kuitilia shaka. Hujui kosa liko wapi ila unahisi lipo. Kama bado unahangaika na "I am, you are" hii iweke pembeni kwanza, itakuchosha bure.

Ninachosema ni kimoja na mazoezi yote hapa chini yanatoka humo. Mtu wa levo hii hakosei kwa sababu hajui sheria, sheria alishakaririshwa na mtihani akafaulu. Anakosea kwa sababu sentensi inazaliwa kichwani kwa Kiswahili, halafu yanabadilishwa maneno tu, mifupa inabaki ileile. Mhispania na Mchina nao wana makosa yao, ndo maana ukinunua kitabu cha grama kilichoandikwa kwa dunia nzima unajikuta unafanya kurasa na kurasa za vitu ambavyo hata hukosei, na kile unachokosea kila siku kimepewa mistari miwili. Kwa hiyo anzia kwenye Kiswahili chako mwenyewe.

Tafuta daftari, kaunta buku ndo nzuri maana halichaniki haraka. Kurasa mbili zikiwa wazi, kushoto andika sentensi ya Kiswahili uliyoisema kweli siku hiyo, nyumbani, dukani, juu ya bodaboda, usitunge. Kulia andika Kiingereza ambacho kingekutoka mdomoni bila kufikiria. Usisahihishe hapohapo. Jioni ndo urudi nayo ukiwa na kamusi, na ukikuta kosa usijaze sheria, andika sentensi iliyo sawa na chini yake utunge nyingine tatu za aina hiyohiyo zinazohusu maisha yako, halafu uzisome kwa sauti. Sentensi tano kwa siku zinatosha, ukiandika ishirini wiki ya kwanza, wiki ya pili daftari litakuwa la mahesabu ya duka.

Nimeibiwa, nimenyeshewa, nimekatiwa

Anza na hapa maana hapa ndo tunajulikana. Umeibiwa simu stendi ya Kange, unasema "nimeibiwa simu", na Kiingereza kinachotoka ni "I was stolen my phone". Mwingereza akisikia hivyo anaelewa ulioibiwa ni wewe, yaani mtu kakubeba mzimamzima. Kiswahili kina ufundi hapa ambao wenzetu hawana, sisi tunaweza kumchukua aliyepatwa na jambo tukamweka mbele ya sentensi karibu kwa kitenzi chochote, nimeibiwa, nimefiwa, nimenyeshewa, nimekatiwa umeme, nimeharibikiwa na pikipiki. Kiingereza kinakubali hivyo kwa vitenzi vichache tu, hasa vya kupewa na kuambiwa, "I was given", "I was told", "I was offered", vilivyobaki inabidi uivunje sentensi uijenge upya na kila kimoja kina njia yake.

Simu ni "my phone was stolen" au "I had my phone stolen". Kufiwa na baba ni "I lost my father". Kunyeshewa ni "I got caught in the rain". Kukatiwa umeme ni "my electricity has been cut off". Na pikipiki ni "my motorbike broke down on me", hiyo "on me" ya mwishoni ndo inafanya kazi ya ile -iwa yetu, inaonyesha kwamba balaa limekuangukia wewe.

Zoezi lake ni la watu wawili. Mmoja anataja, mwingine anajibu haraka bila kuandika. "Nimepandishiwa kodi", "my landlord has put my rent up". "Nimefungiwa nje", "I've been locked out". "Nimekaliwa kiti changu", "someone's sitting in my seat". Utaona Kiingereza mara nyingi kinamtafuta mtendaji, na kama hajulikani kinamtengeneza, someone, they. Fanyeni hivi mkiwa mnatembea au mnasubiri daladala, dakika kumi tu, baada ya muda ulimi unazoea.

Jirani yake ni hii ya kufanyiwa kazi na fundi. Unatoka saluni Ngamiani unasema nimenyoa, na kila mtu anajua kinyozi ndo kanyoa. Ukisema "I cut my hair" umeshika mashine mwenyewe. Sema "I had my hair cut". Nguo ya Iddi iliyoshonwa na fundi cherehani ni "I had a dress made for Eid", na baiskeli, Tanga hii ya baiskeli, ni "I had my bike repaired" labda kama spana ulishika wewe. Muundo ni uleule, "had", kitu, halafu kitenzi kile cha safu ya tatu. Ingia ndani kwako angalia kila kitu ulichomlipa mtu akufanyie, dirisha, pazia, kabati, bomba, ukitaje kimoja kimoja. Chumba kimoja kinatoa sentensi kumi.

-me- sio "have" kila siku

Shuleni tuliambiwa -li- ni past, -me- ni present perfect, -na- ni continuous, tukafaulu nayo na ni kweli nusu. "Babu amelala" sio "Grandfather has slept", ni "Grandfather's asleep". "Amevaa kanzu" ni "he's wearing a kanzu". "Amekaa barazani" ni "he's sitting on the verandah". "Nimechoka" ni "I'm tired" na hii hakuna anayeikosea kwa sababu tuliimeza nzima tukiwa wadogo, hatukuitafsiri, na hiyo yenyewe inakuonyesha dawa ni ipi. Ukitaka kujua -me- yako ni ya aina gani jiulize, ile hali bado naiona? Kavaa na bado kavaa, basi Kiingereza kinataka sasa hivi.

Upande wa pili, mtaani tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, ila "I have seen him yesterday" haipiti. Ukishataja muda uliokwisha, yesterday, last week, in 2019, ni "I saw him" basi. Na upande wa tatu, "nipo Tanga tangu Jumatatu" kwetu ni sasa, kwao ni "I've been in Tanga since Monday". "Nakufahamu siku nyingi" ni "I've known you for ages". Hizi tatu zikitulia umeshapunguza nusu ya wino mwekundu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la sokoni. Nenda soko la Mgandini, usimame pembeni, uelezee unachokiona kwa sauti ya chini kwenye simu, rekodi voisi na ujitumie mwenyewe WhatsApp, watu watadhani unaongea na mtu. Yule amejitwika kapu, "she's carrying a basket on her head". Yule ameegemea ukuta, "he's leaning against the wall". Amechuchumaa, "he's squatting". Zimening'inia, "they're hanging from a nail". Kila moja kwa Kiswahili ina -me- na hakuna hata moja yenye "have". Ukirudi nyumbani sikiliza, na kila ulipokwama, yaani palipo na "eee" ndefu, ndo neno la kutafuta kwenye kamusi.

Ningejua ningekuja

Sisi -nge- tunaiweka pande zote mbili, ndo maana inatoka "If I would know, I would come". Kiingereza "would" kinaiweka upande wa matokeo tu, upande wa "if" kitenzi kinarudi hatua moja nyuma, "if I knew, I'd come", na kama mambo yameshapita hatua mbili, "if I had known, I'd have come". Sasa kinachotuchanganya zaidi ni kwamba -ngali- mtaani imepungua, -nge- inabeba yote, "ningekuwa na hela ningenunua kiwanja" inaweza kuwa leo inaweza kuwa mwaka juzi na anayekusikiliza anajua kutokana na mazungumzo. Kiingereza hakikuachii, lazima uchague.

Chukua sentensi moja uipige mara tatu. "Ningewahi Kange nisingekosa basi." Kama ni jambo la jana, "If I'd got to Kange on time, I wouldn't have missed the bus." Kama ni kawaida yako kila siku, "If I got to Kange on time, I wouldn't miss the bus." Halafu ile ya mchanganyiko ambayo wengi wanairuka, sababu ya zamani matokeo ya leo, "If I hadn't missed the bus, I'd be in Dar by now." Hiyo ya mwisho ndo inayomtofautisha mtu wa juu na mtu wa katikati, ifanyie kazi sana. Ukizizoea ndo uhamie kwenye zile rasmi zinazoangusha "if" kabisa, "Had I known", "Were we to lose this contract", "Should you need any help", hizo ni za kwenye barua na ripoti, ukimwambia rafiki yako "had I known" atakuuliza unaumwa.

Laiti ni ndugu yao. "Laiti ningejua" ni "I wish I had known" na "natamani ungekuwepo hapa" ni "I wish you were here". Bila would. "I wish you would" ipo ila ni kwa kumlalamikia mtu au kitu kibadilike, "I wish it would stop raining".

Vidogo vidogo vya haraka haraka. Ukiulizwa "Haven't you eaten?" na hujala, sisi tunajibu "ndiyo" maana tunakubaliana na swali, Kiingereza kinaangalia ukweli wenyewe, hujala ni "No, I haven't". Hoteli nyingi mgeni ameletewa asichokitaka kwa sababu ya hili. "Isn't it?" haibandiki kila mwisho wa sentensi kama "sivyo?", inafuata kitenzi, "you're coming, aren't you?", "she left, didn't she?". "Sijui anakaa wapi" ni "I don't know where he lives", ile "does" inabaki kwenye swali la moja kwa moja tu. Na "he" na "she" kuchanganyika ni ugonjwa wetu sote kwa sababu yeye ni yeye, dawa yake ni kusimulia kwa sauti kuhusu shangazi yako dakika mbili kamili, halafu kuhusu mjomba, halafu wawili hao wakigombana.

Kitabu nilichokinunua

Kitenzi chetu kinabeba mtendwa ndani, nilichoki-nunua, niliyem-wona, kwa hiyo mkono unatafuta pa kumweka na inatoka "the book which I bought it", "the man whom I saw him". Iue hiyo "it". "The book I bought", kwisha, hata "which" huihitaji. Ila nyumba ninayokaa ni "the house I live in" na hiyo "in" usiiache njiani.

Hapohapo kuna alama ya mkato ambayo wengi wanaidhani pambo. "My brother who lives in Muheza is a teacher" maana yake una kaka zaidi ya mmoja na unamtofautisha wa Muheza. "My brother, who lives in Muheza, is a teacher", kaka ni mmoja, Muheza ni taarifa ya nyongeza. Kwenye mkataba tofauti hiyo ni hela.

A, an, the, na pasipo kitu

Hapa nitakaa kidogo maana hata mtu mwenye masters anachapia. Kiswahili hakina kabisa, mtu ni mtu, kwa hiyo hatuna mfupa wa kuazima, lazima uujenge upya. Maswali ni mawili. La kwanza, anayenisikiliza anajua ni kipi ninachokisema? Akijua weka "the", iwe kwa sababu nilishakitaja, au kipo kimoja tu, the port, the sun, the Regional Commissioner, au hali yenyewe inaonyesha. Asipojua, swali la pili, kinahesabika na ni kimoja? Basi "a" au "an". Ni vingi au hakihesabiki? Usiweke kitu.

Ramani ya kwetu yenyewe inafundisha. Mto unachukua "the", the Pangani. Milima ikiwa safu inachukua, the Usambara Mountains, mlima mmoja hauchukui, Mount Kilimanjaro. Bahari inachukua, the Indian Ocean, ziwa halichukui, Lake Victoria. Kisiwa kimoja hakichukui, Toten Island pale mbele ya bandari, ila mapango kwa wingi, the Amboni Caves. Tembea kwenye ramani namna hiyo mara moja na zinakaa kichwani bila kukariri jedwali. Halafu kuna zile za shughuli na jengo, "he's in prison" kafungwa, "he's at the prison" labda kapeleka chakula. School, church na college hivyohivyo. Hospital nayo kwa Kiingereza cha Uingereza, Wamarekani mgonjwa wao yupo "in the hospital".

Kuna kundi la maneno ambayo kwetu yana wingi na kwao hayana kabisa: information, advice, furniture, equipment, luggage, homework, research. "Informations" na "furnitures" utaziona mpaka kwenye mabango, usizifuate. Ukitaka kuhesabu sema "a piece of advice", "two pieces of luggage". Kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman zipo bure mtandaoni na pembeni ya nomino zinaonyesha kama ni countable (au kifupi C), inahesabika, au uncountable (U), haihesabiki, na mfano wa sentensi upo. Watu wanaingia kamusi kutafuta maana tu wanatoka, wakati hazina yenyewe ni ile mifano.

Zoezi la the ni hili. Kopi habari fupi kutoka BBC, futa a, an na the zote, usiachie hata nafasi wazi, iache ikae kesho yake uzirudishe mwenyewe halafu ulinganishe. Mwanzoni utaumia. Usitazame ulipopata, tazama ulipokosa tu, na kila ulipokosa jibu kwa Kiswahili, "msomaji anajua ni kipi kwa sababu…". Ukishindwa kumalizia hiyo sentensi ndo umejua pa kusoma.

Pale Kiswahili kinapokubeba

Sio balaa tu. Ipo ile "I suggest that he go" ambayo wanafunzi wa nchi nyingine wanailia machozi, kwa nini "go" na sio "goes". Sisi tunayo, ni ile -e ya mwisho, napendekeza aende, ni muhimu aambiwe, "it is essential that she be told". Popote Kiswahili kingetaka -e baada ya kupendekeza, kudai, kusisitiza, Kiingereza rasmi kinataka kitenzi kitupu bila s. Waingereza wengi wataweka "should go" na ni sawa pia.

Ila ku- yetu inadanganya, maana inaenda kwa "to go" na kwa "going" zote. "I look forward to hear from you" imeua barua nyingi za maombi. Kuna "to" mbili, na kipimo chake ni kuweka nomino baada yake, "I look forward to your reply" inakubali, basi kitenzi kikija kiwe na -ing, "to hearing from you". "I want to your reply" haikubali, basi ni "I want to hear". Kipimo hichohicho kinakutenganishia "I used to drink coffee", zamani nilikuwa nakunywa, na "I'm used to drinking coffee", nimezoea.

Zoezi la kwenda na kurudi

Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola 100, alipokuwa kijana kwenye kiwanda cha uchapaji alijifunza kuandika kwa kuchukua makala nzuri, kutoa dondoo fupi za kila sentensi, kuziweka pembeni siku kadhaa, halafu kuiandika upya makala kwa maneno yake na kuilinganisha na ile ya mwanzo. Yeye Kiingereza kilikuwa cha kwao. Sisi tuna dondoo nzuri zaidi, Kiswahili. Chukua aya moja ya maneno themanini au mia, isizidi, uitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kama unamsimulia mama, weka daftari pembeni siku tatu nne, halafu irudishe kwa Kiingereza bila kuchungulia. Sasa weka zote mbili mezani.

Utaona vitu ambavyo hakuna mwalimu angekuonyesha. Wao wametumia nomino wewe umetumia kitenzi, wao wameunganisha sentensi mbili kwa "which" wewe umeweka "and" tatu, wao wameandika "despite" wewe "although". Sio kila tofauti ni kosa, na kuchambua ipi ni kosa na ipi ni mtindo tu ndo zoezi lenyewe. Kwa maoni yangu kama una muda wa zoezi moja tu kwa wiki fanya hili uache mengine.

Barua

Tunaandika "Refer to the heading above" kwa sababu barua zetu zinaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mwajiri wa nje anashangaa, anaamrishwa asome kichwa ambacho ameshakisoma. Anza tu na "I am writing to apply for the post of…". Punguza na unyenyekevu wa "I humbly beg" na "your esteemed organisation", kwetu ni adabu, kwao inasikika kama barua ya zama za ukoloni. Adabu yao ipo kwenye kitenzi, wanarudisha wakati nyuma na kuzungusha, "I was wondering if you could…", "I would be grateful if…". Na mdomoni ni hivyohivyo, ukiwa kazini hotelini "naomba" yetu usiigeuze "give me", ni "could I have your passport, please?".

Vitenzi vya kuchunga humo kwenye barua: discuss, emphasise, lack, contact, reach havitaki kihusishi (preposition) baada yake. "We discussed the matter", bila about. "Explain" nayo inataka "to me", sio "explain me".

Watu wa kufanya nao

Watatu au wanne wanatosha, kijiwe cha kahawa na kashata kinafaa kabisa. Kila mmoja aje na sentensi moja ya Kiswahili iliyomshinda wiki hiyo na kikao kizima ni kuzipasua hizo. Asikatishwe mtu katikati ya kuongea, andika kosa lake kikaratasi umpe akimaliza, na anayecheka analipia kahawa.

Na usimsahau mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu. Nenda jioni baada ya alasiri, "Shikamoo mwalimu, nina ukurasa mmoja hapa nimeandika, naomba uniangalizie ukipata nafasi." Mmoja, usimpelekee ripoti nzima. Atakwambia "Marahaba mwanangu, uache hapo," na ukirudi utakuta kaugeuza mwekundu na atakuhoji kila mstari kwa nini umeandika hivyo. Kuhojiwa huko ndo unakokutaka.

Akili mnemba ya kwenye simu nayo ni nzuri ila ukiitumia vibaya inakudumaza. Ukiipa aya na kuiambia rekebisha, itarekebisha, utakopi, utatuma, na kesho utakosea vilevile. Iambie isirekebishe, ionyeshe tu mstari wenye kosa na wewe utafute mwenyewe, ukishindwa mara mbili ndo itaje. Au iambie ikupe sentensi kumi za Kiswahili zenye mtego wa -iwa bila majibu. Na maelezo yake ya sheria yahakiki kwenye kamusi, wakati mwingine inaeleza kwa kujiamini kitu ambacho sicho.

Kama lengo ni IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, jua kwamba kwenye kuandika grama ni robo ya maksi, robo nyingine ni msamiati, robo mpangilio na robo ni kujibu swali lenyewe, na hiyo grama wanapima vitu viwili, usahihi na upana. Mtu anayeandika sentensi fupi fupi zisizo na kosa habebwi na usahihi peke yake. Zoezi la pili la kuandika kwenye mtihani huo (Task 2) ni maneno yasiyopungua 250 na unashauriwa dakika 40, kwa hiyo jizoeze na saa mezani, dakika tano za mwisho pitia kutafuta vitu vyako vitatu tu vilivyojaa kwenye kaunta buku, sio kila kitu. Mitihani ya Cambridge ya levo za juu, B2, C1 na C2, ina swali la kuigeuza sentensi kwa kutumia neno ulilopewa, C1 wanataka maneno matatu hadi sita, na hata kama hufanyi mtihani huo tafuta karatasi za mifano zipo bure, ni zoezi linalokulazimisha kujenga upya kitu kilekile kwa mifupa mingine. Ukizimaliza tengenezeaneni zenu hapohapo kijiweni, sentensi ya kwanza iwe "Someone stole my phone at Kange" na neno la kutumia liwe "had".